Spiriti ya Mjomba

Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri kumsindikiza mjomba kwenye kituo cha maziwa, huku kwetu Rungwe. Ukungu umeshuka hadi migombani, vidole vimekufa ganzi. Wafugaji 32 wameshapanga foleni na ndoo zao, na spiriti ya kupimia imebaki kidogo sana chupani.

Kipimo chenyewe ni chepesi: maziwa kidogo, spiriti kiasi hicho hicho, tikisa. Yakikatika, huenda yamechacha. Ila kwa kupima ndoo moja moja, spiriti isingefika katikati ya foleni.

"Mjomba, tuchanganye matone ya ndoo nne nne."

Akanitazama. "Matatu mazuri hayataficha moja bovu?"

Ndiyo maana sikutaja nane nane. Ukizimua mno, ubovu unapotea. Tukapima vikundi vinane. Saba vikapita, kimoja kikakatika, tukarudia ndoo zake nne. Vipimo 12 badala ya 32.

Wazo si langu. Mwaka 1943 mchumi Robert Dorfman alipendekeza damu za askari wa Marekani zichanganywe hivyo kutafuta kaswende, kwa kuwa wenye ugonjwa walikuwa wachache. Uchache huo ndio ninaousoma chuoni Mbeya mwaka huu, na leo ndipo umeniingia. Picha ya ubongo, ukiiandika kwa hesabu inayoifaa, karibu namba zake zote huwa sifuri au jirani na sifuri. Mwaka 2006 wanahisabati Donoho, na Candès akiwa na Romberg na Tao, walionyesha kwamba kitu cha namna hiyo kinaweza kujulikana chote kwa vipimo vichache vya mchanganyiko, tena vilivyopangwa vyote mapema, bila kurudia kikundi kama tulivyofanya sisi. Katika majibu yote yanayokubaliana na vipimo, kompyuta hutafuta lile ambalo namba zake, ukipuuza alama za kutoa, zina jumla ndogo kuliko mengine. Mara nyingi ndilo lenye sifuri nyingi.

Mwaka 2007 mtafiti Lustig na wenzake wakaonyesha namna ya kulitumia wazo hilo kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mtoto wa dada yangu aliwahi kuingizwa kwenye mashine ile Dar es Salaam, akalia, akashindwa kutulia, mpaka akapewa dawa ya usingizi. Vipimo vikipungua, mtoto anatoka mapema.

Tukiwa tunaosha vikombe, mjomba akauliza: "Na siku ya jua kali, gari limechelewa, ndoo kumi zimechacha?" Nikahesabu. Zikitawanyika kwenye vikundi vyote, ni vipimo 40, vinane zaidi ya kupima moja moja. Yeye hajasoma hesabu hizi, lakini aligusa pale pale njia inapokatikia.

Ndoo iliyokatika ilikuwa ya bibi mmoja jirani. Mjomba hakumtaja mbele ya foleni. Alimwita pembeni, wakakuta ufa chini ya ndoo, umeshika maziwa ya jana. Jioni hii nimempelekea keni ya mama, ile ya aluminiamu.

"Ndaga fijo, mjukuu wangu," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaanza kuisugua pale pale.