Uyoga wa Luchelele

Jioni hii ufukweni Luchelele, Mwanza, nimepiga magoti mbele ya gogo la mwembe, watu wakabaki kunishangaa.

Kuni kavu za huku nimezoea kuziona na ule uyoga wa rangi ya chungwa, Pycnoporus. Huu ni mwingine kabisa: kahawia, mgumu, umeng'ang'ania ubavu wa gogo bila shina, na juu una manyoya meusi makavu.

Nikauchungulia kwa chini. Jamani!

Vitundu vikubwa vya pembe sita, kama sega la nyuki. Unaviona bila lenzi.

Ganoderma, uyoga mwingine mgumu wa kwenye miti, vitundu vyake ni vidogo mno, na ukiukwaruza kwa chini panageuka kahawia. Huu nimeukwaruza, wapi! Nauweka kwenye kundi la Hexagonia, ambao huku ni nadra kumsikia mtu akiuripoti.

Mzee aliyekuwa akishona nyavu akaniambia, "Mwalimu, hiyo hata mbuzi hali."

Nimekata kipande kidogo tu. Sasa kiko juu ya karatasi nyeusi, nasubiri vumbi jeupe la spora, yaani mbegu zake. Mama watoto ameshauliza kama ni dawa.

Wenzangu wa Ukerewe, Magu na Sengerema, mmewahi kuuona? Tumeni picha, lakini pigeni kwa chini. Ya juu peke yake haisaidii.