Rudisha Pengo Langu

"Baba, nani kauchana huu ukurasa?"

Binti yangu kaiibua wapi ile kauntabuku, sijui. Nikamwambia panya. Akapitisha kidole kwenye mchaniko, umenyooka kabisa. "Panya huyo ana rula?"

Ni ya 2001, safari ile ya treni, kwenda kuripoti ualimu Kigoma. Kauntabuku ya kwaya tatu niliinunua kwa ajili ya maandalio ya masomo, nikaipakia na biki mbili na tai ya kuazima. Kabla hata ya Morogoro maandalio yalishageuka vikatuni.

Daraja la tatu, kwenye benchi, usiku kucha, utafanya nini? Nilimchora kila aliyesinzia. Treni ikitembea mstari unaruka: unamchora mtu kidevu, reli inamwongezea ndevu. Nikaacha kushindana nayo. Naanza na pua, maana pua ikikaa mtu kashapatikana. Macho vitone viwili, miguu njiti za kiberiti. Nusu dakika, nafunua ukurasa mwingine. Tuliokua tukigombania Sani, lile gazeti la katuni, tunajua katuni haina huruma na maumbile ya mtu. Mkaguzi wa tiketi tumbo lake limeshaingia kwetu, mwenyewe yuko behewa la nyuma. Kijana kalala mdomo wazi, nzi wamepanga foleni kuingia.

Dodoma kulishakucha. Saranda tukaning'inia wote madirishani kununua kuku. Nilipogeuka na kipande changu, bibi aliyekaa kunielekea alikuwa na kauntabuku mapajani.

Analowesha kidole, anafunua. Kwa mkaguzi alicheka mpaka kitenge kikamteleza begani. Kwa yule wa nzi akamgonga jirani yake kiwiko. Halafu akafika kwake, akanyamaza. Mimi kuku mkononi, mafuta yananichuruzika mpaka kwenye kifundo.

"Mwalimu. Huyu nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Mimi?" Akafungua mdomo, akaniwekea kidole palepale: meno mawili ya mbele, juu, hayapo. Kwenye karatasi nilikuwa nimempangia safu nzima, nyeupe, kama tangazo la dawa ya meno.

"Wenzangu wote umewatoa na vioja vyao. Yule tumbo, huyu nzi. Mimi umeniogopa?"

"Nilikuheshimu, bibi yangu."

"Nilikuomba?" Akanirudishia kauntabuku. "Rudisha pengo langu."

Behewa zima lilikuwa linatusikiliza sasa. Nikafuta vidole kwenye suruali, ile ya kuripotia, nikashika biki. Pengo kwenye katuni ni jepesi kuliko jino, unapaka weusi tu, lakini mkono ulinitetemeka na treni imesimama. Doa la mafuta likabaki kwenye shavu lake. Akaipeleka picha mbali, akaileta karibu. "Haya. Sasa hata wajukuu watanijua." Akafungua fundo la kitenge, akatoa wembe, akaukata ukurasa taratibu, akaukunja na kuufungia humohumo pamoja na hela zake. Kuniuliza, hakuniuliza.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kuchorwa. Huyu niwekee saa, huyu niwekee viatu, mmoja akataka suti. Niliwapa. Tabora treni ikakatwa, mabehewa ya Mwanza huku na yetu huku, nusu ya wateja wangu wakaondoka na saa zao. Kigoma bibi akashukiwa mzigo na mwanawe, akapotelea kwenye watu bila hata kugeuka.

Mpaka leo sijui kosa langu lilikuwa kumpa yeye meno au kuwanyima wale wengine. Pengine aliona tu nimemchora bibi mwingine.

Nilipomaliza kusimulia, binti yangu, ambaye yuko darasa la pili na meno ya mbele yameng'oka yote mawili, akaenda kuleta penseli.

"Nichore na mimi. Ila mdomo uufunge."

Pua nimeshaimaliza.