Mombasa ina saa zake

Ratiba ya matembezi ya Mombasa waliyonitumia kampuni ya watalii kwa WhatsApp ilikuwa imepangwa ikapangika, saa tatu Fort Jesus, saa tano na nusu Mji wa Kale, saa saba chakula cha mchana, saa nane sokoni, saa tisa matao ya Pembe za Ndovu kupiga picha, saa kumi kila mtu kwake. Tatizo siku yenyewe Ijumaa. Mama mdogo kaolewa Mombasa tangu mimi sijazaliwa na siku hizi anaongea kama wao kabisa, alivyoisoma alicheka mpaka akavua miwani. "Ijumaa saa sita wenda Mji wa Kale? Utatizama milango iliyofungwa, mwanangu." Nikamwambia mama, si ndo hiyo hiyo milango ninayoifuata, ile ya nakshi. Akasema haya nenda, lakini kula kabla hujatoka, huko watakupa chipsi.

Basi nikala. Mahamri tulinunua nyumba ya tatu, kuna mama anakaanga barazani kwake tangu alfajiri, na mbaazi za nazi zinatoka kwenye sufuria nyingine hapo hapo. Hamri la pale ukilipasua tumbo liko wazi, mvuke wa iliki unatoka, unaingiza mbaazi mle ndani zinajaa, tui linachuruzika mpaka kwenye kiwiko na hakuna namna ya kula kistaarabu so usijisumbue. Sisi Dar tuna maandazi na nayapenda, sitaki ugomvi, ila hili jambo ni lingine. Na ukifika saa tatu na nusu umekosa, beseni limefunikwa na mama anaosha vyombo. Hilo ndo nililianza kuliona asubuhi ile na likaendelea kunithibitikia siku nzima, kwamba huu mji una saa zake, na wala hauzifichi, ila ratiba za watalii zinatungwa na watu wanaoangalia saa ya ukutani tu.

Fort Jesus tulikuwa kikundi kidogo, walimu wawili mke na mume kutoka Kisumu, kijana mmoja Mganda mwenye kamera kubwa, na mimi. Pale nje kuna vijana wanakufuata kila mmoja anasema yeye ndo mwongoza watalii wa kweli, wengine wanajua vitu wengine wanajua kutembea tu, sisi tulishapangiwa mzee mmoja mwenye kitambulisho shingoni, kofia ya vito, mtu wa maneno machache. Nilidhani ataanza kutumwagia miaka. Hakuanza. Alitupeleka kwanza kivulini, akasema wekeni viganja ukutani. Tukaweka. Ukuta ule ni matumbawe, mawe yaliyokatwa kutoka hapo hapo mwambani, na ukisogeza uso unaona kabisa maumbo ya kitu kilichokuwa hai baharini, vijishimo kama vya asali, mistari inayozunguka kama ubongo. Mwalimu wa kike akasema kwa hiyo tumeegemea viumbe. Mzee akasema ndio, wengi.

Halafu ndo akaingia kwenye historia. Wareno walianza kujenga mwaka 1593 wakamaliza 1596, mchoraji alikuwa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na mchoro wake ukiutazama kwa juu una umbo la mtu, kichwa, mikono na miguu. Mimi nikiwa pale chini sikumwona mtu yeyote, niliona kuta na jua, lakini kwenye ramani iliyobandikwa ndani unamwona vizuri. Waingereza wakaja kuifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, makumbusho yakafunguliwa 1960, na UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011. Hayo aliyapitia haraka haraka kama mtu anayelipa deni.

Alipokaa ni kwenye kuzingirwa. Waomani waliizunguka ngome Machi 1696 na haikuanguka mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa mle, na waliouawa na maradhi ni wengi kuliko waliouawa na risasi, mpaka ikafika mahali wanaoishikilia ngome ya Mreno wengi wao ni Waswahili na Waafrika wengine, Wareno wenyewe wameshakwisha. Msaada ulikuwa unatoka Goa, India. Sasa mzee akatuuliza, meli itoke Goa ije hapa, inakuja lini? Kimya. Akasema inakuja upepo unapotaka. Kaskazi inaanza kuvuma kama Novemba mpaka Machi, ndo inayowaleta watu wa Uarabuni na India huku, halafu kusi inageuka inawarudisha. Majahazi yote yaliyowahi kutia nanga bandari ya kale yaliishi kwa saa hiyo, biashara, ndoa, madeni, kila kitu. Na hao waliokuwa ngomeni walikuwa wanasubiri upepo. Meli za msaada za mwisho zilitokea siku chache baada ya ngome kuanguka, zikaona bendera nyekundu ya Waomani juu, zikageuza.

Mganda akashusha kamera. Siku chache! Mimi stori za ngome huwa zinaniingia sikio hili zinatokea lile, mizinga, magavana, nani kampindua nani, lakini hii ilinikaa. Ndani ya makumbusho kuna vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Kireno Santo António de Tanná iliyozama 1697 mbele ya ngome hapo hapo, wazamiaji waliifanyia kazi miaka ya sabini mwishoni, na nilivitazama kwa muda mrefu kuliko ambavyo ningevitazama bila ile habari ya upepo. Kuna mifupa ya nyangumi pia, watoto wa shule walikuwa wameizunguka wanapiga kelele, nikapita.

Tukatoka tukaingia Ndia Kuu, njia ya Mji wa Kale. Yule aliyeandika ratiba alikuwa anampigia mzee simu kila baada ya muda, mko wapi, mmefika wapi, mzee anajibu tuko njiani, anarudisha simu mfukoni, anaendelea kwa mwendo ule ule. Akatuonyesha Leven House, jumba la zamani, akatusimulia kwa kifupi ule mwaka 1824 ambapo Kapteni Owen wa jeshi la majini la Uingereza alipandisha bendera yao hapa kwa hiari yake, ikadumu mpaka 1826, na kijana wake Reitz aliyemwachia mji akafa ndani ya miezi michache, akabaki jina tu, Port Reitz ya kule airport. Msikiti wa Mandhry tuliuona kwa nje, mweupe, mnara mnene unaochongoka kwenda juu, wanasema ni wa mwaka 1570 na mpaka leo unasaliwa. Na hapo ndo saa ya mama mdogo ikafika. Maduka yakaanza kufungwa moja baada ya jingine, vioski vya vinyago, vya viatu vya ngozi, yule wa marashi, wanaume kanzu nyeupe wanatoka kila kichochoro, harufu ya udi. Mzee akatazama jua, hakutazama saa, akatuambia, "Mimi nakwenda kuswali. Nyinyi kaeni baraza hii, ni ya watu wangu, mtu akiwauliza mwambieni mwaningoja mimi." Akaondoka zake.

Kwenye ratiba hii haikuwepo. Mwalimu wa kiume alinuna kidogo, alihesabu pesa yake nadhani. Lakini niwaambie, kile kikao cha barazani ndo kilikuwa bora kuliko matembezi yote. Kwanza baridi, zile baraza za chokaa zinahifadhi ubaridi wa usiku sijui vipi, unakaa mgongo unapumzika. Pili kimya, mji mzima umenyamaza kasoro hutuba kwenye vipaza sauti, msikiti huu unamalizia sentensi ule unaanza, na paka, paka wa Mombasa kila mtu anawajua, wamelala katikati ya njia maana hakuna pikipiki. Na mbele yetu mlango. Nilikuwa nimepita milango kama ishirini hivi nikiipiga picha bila kuiangalia, huu sasa sina pa kwenda, nikauangalia. Mbao imekuwa rangi ya kahawa nyeusi. Mhimili wa katikati umechongwa maua yanayopanda moja juu ya jingine na hakuna mawili yaliyolingana sawa sawa, fundi hakuwa anakopi, pembeni umepita mnyororo wa mbao, pete ndani ya pete, na sehemu ya chini mnyororo umelika, umekuwa laini, pale watu wanapoegemea bega au watoto wanaposhika wakipanda ngazi. Sijui watoto wangapi hao.

Bibi mmoja akachungulia juu dirishani, akatuona, akatuuliza nyinyi ni wa nani. Tukamtaja mzee. "Ah, karibuni wanangu, mwangojea na jua hili!" Akamtuma mjukuu na jagi la maji ya baridi yana ukwaju na sahani ya kachiri za muhogo zimenyunyiziwa pilipili na ndimu. Mwalimu akaacha kununa.

Chakula cha mchana kilichokuwa kimelipiwa kilikuwa chipsi kuku, mama mdogo aliliona hilo kutoka mbali. Mzee aliporudi alisema kwa sauti ya chini kwamba Ijumaa kula chipsi Mji wa Kale ni kujidhulumu, anayetaka za ofisini aende na anayetaka biriani amfuate, tutajilipia. Wote wanne tukamfuata. Hoteli ndogo tu, meza za plastiki, feni inayolalamika, wali unakuja peke yake umepigwa rangi huku na kule na mchuzi wa nyama mzito unakuja juu yake na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vimekuwa vyeusi, pembeni ndimu, ndizi na achari ya embe. Na tulikuwa na bahati, dakika kumi nyuma yetu msikiti ukamwagika wote pale, meza zikaisha, na sufuria likaisha pia, watu wanarudishwa mlangoni. Unaona sasa, saa tena.

Sokoni nitapita haraka. Marikiti ni jengo la 1914, Mackinnon kwa jina la zamani, viungo vyote unavyovijua na watu watakaokushika mkono ununue pilau masala, nunua iliki nzima na usague mwenyewe, basi. Mtaa wa Biashara niliingia kutafuta leso, nikatoka nimenunua nyingi kuliko nilivyopanga. Pembe za Ndovu ni alumini, magari yanapita chini yake, moshi, ukifika picha moja inatosha.

Baada ya hapo nikarudi kwa mama mdogo nikalala. Hili ndo ningemshauri mtu yeyote anayekuja huku hata kama ana siku mbili tu, asishindane na saa nane mchana. Amka mapema sana, ngome ifungue uko getini, mji utembee kabla jua halijakaza, kisha ingia ndani kama wenyewe. Toka alasiri. Kampuni zingeanza ziara ya pili saa kumi mgeni angeona mji mwingine kabisa, na wala hawahitaji kuongeza bei.

Maana alasiri ndo kila kitu kinafunguliwa. Wauza kahawa na madele yao ya shaba juu ya makaa, vikombe vinagonganishwa mkononi, kahawa chungu yenye tangawizi na kipande cha kashata, na wazee wako barazani kwenye bao na siasa. Viazi karai vinatoka kwenye mafuta saa hiyo, kiazi kimechemshwa, kimevikwa unga wa rangi ya manjano, kinakaangwa, unamwagiwa chatne ya ukwaju na ya nazi. Magharibi ikishapita mishkaki inawashwa, moshi barabara nzima.

Mama mdogo alinipeleka Mama Ngina, wenyeji wengi bado wanaiita Lighthouse, serikali ilipatengeneza upya 2019 pakawa na njia za kutembea na ngazi za kukaa, lakini mibuyu ni ile ile. Mihogo inachomwa, inapasuliwa, ndimu na pilipili vinaingia katikati, na dafu. Tukiwa tumekaa ikapita meli ya makontena kuingia Kilindini, mlango wa bahari pale ni mwembamba, meli inapita karibu mpaka unasoma jina lake na kumwona mtu amesimama juu anavuta sigara. Watoto wakampungia mkono, na yeye akawapungia. Mama mdogo anasema hajawahi kuchoka kuangalia meli, na amekuwa akija hapo tangu baba mdogo anamchumbia.

Haller Park, ile hifadhi ya wanyama kule Bamburi, ilikuwa ya Jumamosi na sikwenda. Nilikuwa nakitaka sana kile kisa cha Owen, kiboko mdogo aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akaletwa pale akamganda kobe mkubwa anayeitwa Mzee, na nilitaka kuona jinsi shimo la kuchimba mawe ya saruji lilivyogeuzwa msitu. Lakini mama wa mahamri alikuwa amesema Jumamosi anapika na mkate wa sinia, unatoka saa mbili kamili, na Bamburi na foleni ya Nyali mnaijua. Nikachagua mkate.