Harusi ya 2006 inanitesa kuliko santuri ya babu

Wengi wanaoniletea kazi hapa Ngamiani, Tanga, hudhani kwamba kadiri kitu kilivyo cha zamani ndivyo kilivyo kigumu kuokoa. Nimeifanya kazi hii ya kuingiza santuri, kaseti na mikanda ya video kwenye kompyuta kwa miaka sasa, na naona mambo yako kinyume. Santuri ya nusu karne naimaliza mchana mmoja. Harusi iliyorekodiwa kwa video mwaka 2006 ndiyo inayonifanya nipige simu Dar, nipige simu Mombasa, na mwisho nimwambie mwenye nayo pole.

Tanga ulikuwa mji wa muziki hasa. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilikuwa za hapa hapa. Upande wa taarabu tulikuwa na Black Star na Lucky Star, na nyimbo zao zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika chini ya lebo ya Mzuri ya Mombasa. Santuri hizo bado zimo majumbani, ndani ya makasha, zina vumbi na mikwaruzo. Naiosha kwa maji safi na sabuni kidogo, naiacha ikauke, naweka sindano, inaimba. Hata zile nzito za mizunguko 78, za enzi ya Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Mumbai mwaka 1928, zinapigika mpaka leo zikitunzwa zisivunjike. (Hizo usizipake spiriti kabisa, inazila.) Sauti imechongwa kwenye mfereji. Ukipata sindano na kitu cha kuizungusha kwa mwendo sawa, basi.

Kaseti inataka sikio. Deki iliyorekodi miaka ile na deki yangu ya leo hedi zake, yaani vichwa vinavyosoma utepe, hazikai pembe moja, na tofauti ndogo tu inatosha kuua sauti zote za juu: fidla inakuwa kama inapigwa chumba cha pili na maneno yanapoteza herufi zake. Kuna tundu dogo mbele ya deki. Naingiza bisibisi nyembamba, nageuza skrubu ya hedi taratibu huku mkanda unaimba, robo mzunguko, nyuma kidogo, mbele kidogo, mpaka ghafla "s" na "sh" za mwimbaji zinatoka safi na unasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi za gitaa. Hapo ndipo naanza kurekodi. Atakayeuruka mgeuzo huo mdogo atapata faili zuri la sauti mbovu, na watakaokuja baada yetu wataamini Black Star walikuwa wanasikika hivyo.

Mikanda ya VHS adui yake ni unyevu wetu wa pwani. Ukiuinamisha mkanda kwenye mwanga na kuchungulia dirishani mwake, utaona unga mweupe pembeni mwa utepe. Hiyo ni kuvu. Ukiutumbukiza hivyo hivyo kwenye deki, ngoma ya hedi inayozunguka mara 25 kwa sekunde itaupaka huo unga kila mahali, na mkanda safi utakaofuata nao utaambukizwa. Kwa hiyo kwanza naukausha siku kadhaa ndani ya boksi lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kisha navaa barakoa, naufungua, naupitisha utepe wote polepole kwenye kitambaa laini. Ni kazi ya kuumiza mgongo. Na deki zenyewe zinakwisha: kampuni ya mwisho kuzitengeneza, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Tangu hapo tunaishi kwa kuchinja deki mbovu tupate vipuri. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha wahifadhi sauti, IASA, walishaonya kwamba kufikia karibu 2025 mashine za kusomea mikanda zingekuwa adimu kiasi cha kukwamisha kazi yenyewe. Nikifikiria hazina ya mikanda ya iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi zetu nyingi zilirekodi, roho inanienda mbio. Kila mkanda uliomo unahitaji mashine inayofanya kazi na mtu anayeijua.

Sasa tuseme kila kitu kimeenda vizuri, sauti imeingia kwenye kompyuta. Mteja huwa anashusha pumzi hapo, anatoa flashi yake, anataka kuondoka. Mimi hapo ndipo wasiwasi unaponianza.

Kaseti ya saa moja nikiihifadhi kwa kiwango wanachotumia wahifadhi wa kweli inakula takriban GB 2. Saa moja ya VHS bila kuibana, yaani bila kupunguza ukubwa wa faili, ni kama GB 75. Hakuna anayetaka kusikia hayo. Wanataka kitu cha kuingia kwenye WhatsApp, kwa hiyo tunabana, WhatsApp nayo inabana tena, na baada ya mwaka nakala pekee iliyobaki katika ukoo mzima ni ile iliyobanwa mara mbili. Mkanda wenyewe? "Tuliutupa, si tumeshaingiza kwenye simu?" Jibu hilo limeniuma mara nyingi mno. Usiutupe mkanda. Hata baada ya kuuhamisha, usiutupe.

Faili ni kama mtoto mchanga, halikui bila mlezi. Diski ya kompyuta inakufa bila kuugua, CD za kuchomea nyumbani rangi yake inachakaa kwa joto letu, na maduka ya mtandaoni ya kuhifadhia yanataka kulipwa kila mwezi kwa kadi ambayo mstaafu wa Makorora hana. Wakubwa nao hawajasalimika. Mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii wa muziki, waliokuwa na mashine kuliko tutakazoota sisi, walikiri kwamba muziki uliopakiwa kwao kwa zaidi ya miaka kumi umepotea wakati wa kuhamisha data. Mimi naweka nakala tatu, moja ikiwa mji mwingine kwa ndugu yangu, na kila faili nalichukulia alama yake: programu inalisoma lote na kutoa herufi na tarakimu 32, na siku ikitoa tofauti najua faili limeharibika, nalirejesha kutoka nakala nyingine.

Ndiyo maana nasema harusi ya 2006. Miaka ile wapiga picha walitumia vikanda vidogo vya MiniDV, na kwa kuwa kikanda ni pesa, walirekodi juu yake harusi ya wiki iliyofuata. Aliyebahatika kubaki nacho, kamera ya kukisoma imekufa na kompyuta za sasa hazina tundu la waya wake. Filamu za Bongo za wakati huo nyingi zimepita njia hiyo hiyo. Kilichobaki ni VCD, diski ya video ya sokoni, picha yenye nukta 352 kwa 288, chini ya robo ya ilichokiona kamera. Waigizaji wengine wameshatangulia mbele ya haki, na sura zao tumebaki nazo kwa ukubwa huo. Kizazi kilichorekodiwa kidijitali tangu mwanzo kinaweza kuacha kumbukumbu kidogo kuliko cha babu zetu, na hili linanikera kuliko kuvu yote ya Tanga.

Kuna upotevu mwingine ambao hakuna mashine ya kuuponya, nao ni majina. Kaseti nyingi hazina maandishi. Juzi alikuja bibi mmoja na mjukuu wake, nikampigia kipande ambacho mimi nilikuwa nakiita tu kwa namba. Akanyamaza, kisha akasema, "Huyo si anaitikia tu? Mwimbaji mwenyewe anaingia sasa hivi, mwanangu, ngoja." Kweli akaingia. Bibi akawataja wote wawili, akamtaja mpiga besi na nyumba waliyokuwa wakifanyia mazoezi. Nilimwomba arudie huku nikimrekodi, na maneno yake sasa yamehifadhiwa pamoja na wimbo, folda moja.

Kwa hiyo ombi langu kwa watu wa Tanga, Pangani na Muheza: mkileta kaseti, mleteni na mzee anayezijua. Nauli yake nitalipa mimi, na wimbo wake wa kwanza nauhamisha bure. Na kama kuna mwenye kamera ya MiniDV inayosoma, hata iwe haipigi picha tena, tafadhali aniandikie, nainunua.