Siku yangu chini ya anga lisilo na wingu

Njombe, Julai. Saa 12 asubuhi nafika kituo cha hali ya hewa, nasoma vipimajoto, najaza daftari. Saa 3, saa 6 na saa 9 ni hivyohivyo. Wapita njia wakiniona mbele ya kisanduku cheupe cha mbao hudhani nalipwa kutazama mawingu. Leo hakuna hata moja, na kazi yangu ngumu huja siku kama hii.

Usiku usio na wingu ndio unaoleta jalidi, ule umande unaoganda na kuunguza mazao. Ardhi hupoteza joto kwenda juu usiku kucha, na anga huirudishia sehemu tu, hasa kwa mvuke wa maji uliomo hewani. Chombo cha kupima joto hilo linalorudishwa na anga hatuna, bei yake haishikiki. Kwa hiyo nakadiria kwa kanuni ya Brunt ya mwaka 1932 na ya Brutsaert ya 1975. Zote zinataka joto la hewa na shinikizo la mvuke, yaani kipimo cha wingi wa mvuke hewani.

Saa 12 jioni: kipimajoto kikavu nyuzi 12, chenye kitambaa cha maji 9. Hewa ikiwa kavu zaidi, hiki cha pili hushuka zaidi. Mvuke hektopaskali 10. Brutsaert inanipa wati 288 kwa mita ya mraba zinazorudi kutoka angani. Simu inaita, ni mama mwenye viazi bondeni.

"Mwanangu, nifunike au nilale?"

"Nipe muda kidogo, Mama."

Ile 9 ilinikera. Nyasi zilikuwa zinavunjika chini ya viatu. Hewa yenye mvuke mwingi hivyo imetoka wapi? Nikarudi na tochi. Kitambaa kilikuwa kimekauka nusu, kimeshika vumbi, na kikombe cha maji ni kikavu. Vidole vimekufa ganzi, nafungua uzi, naweka kitambaa kipya, najaza maji safi, nasubiri. Mama anapiga tena. Nasoma: 6. Nasubiri, nasoma tena: 6. Mvuke basi ni hektopaskali 6, na Brutsaert inashuka hadi 268. Wati 20 zimepotea kwa sababu ya kitambaa kichafu! Brunt inasema 255, ilhali ardhi yenye nyuzi 12 inatoa karibu 375. Namba za Brunt zilitokana na vipimo vya Benson, Uingereza, nchi ya chini. Sisi tuko karibu mita 1,900, hewa iliyo juu yetu ni chache zaidi. Nikaamini ile ndogo.

"Funika, Mama."

"Saa hizi? Watoto wamelala."

"Waamshe. Tandazeni nyasi kavu juu ya matuta yote."

Baada ya hapo sikuangalia saa. Nilisoma, nikaandika, nikapasha mikono kwenye jiko la mkaa, nikasoma tena. Macho yalikuwa yanawaka.

Kulipopambazuka, kipimajoto cha nyasini kilionyesha nyuzi 2 chini ya sifuri na uwanja mzima ulikuwa mweupe. Mama akapiga akiwa shambani, anafunua. Kwenye kona ambako nyasi hazikutosha, majani yameungua. Mengine yote, akasema, ni mabichi.