Sijambo ya Bibi na ulimi wa panya

Jumanne, usiku

Leo nimekaa saa nne nzima mbele ya skrini nikihesabu sekunde ambazo panya analamba mguu. Ndiyo kazi niliyovuka bahari kuja kuisomea. Nyumbani wakiniuliza nasomea nini, nasema "mambo ya maumivu", nanyamaza hapohapo. Nikiendelea nitafika kwenye ulimi wa panya, na ada ilichangwa na ukoo mzima.

Panya huyu alidungwa formalini, kemikali inayochoma, kidogo sana kwenye wayo wa mguu wa nyuma, akarudishwa kwenye kisanduku chake chenye kamera. Dakika tano za mwanzo analamba kwa fujo. Kisha anatulia, anajisafisha masharubu kama vile hakuna lililotokea. Kama robo saa hivi ikipita, anaanza upya, na duru hii ya pili ndiyo ndefu. Ya kwanza ni mguu kulalamika. Katika ya pili na ugwe wa mgongo, ile kamba ya neva ndani ya uti, umeshaingia kwenye ugomvi: umechokozwa, umekuwa mwepesi wa kuitikia, na habari ndogo kutoka mguuni unaipokea kama kubwa.

Wachokozi wenyewe ndio ninaowasomea. Neva ya mguu ikifika kwenye ugwe humwaga glutamati, mjumbe wa haraka. Maumivu yakiwa makali inamwaga na nyuropeptidi, vijiprotini vifupi visivyo na haraka, ambavyo hukawia na kusambaa. Maarufu kuliko zote ni dutu P. Ulf von Euler na John Gaddum waliipata London mwaka 1931 katika ubongo na utumbo wa farasi. Ilikuwa unga tu, wakaupa herufi P, na herufi ikaganda mpaka leo. Ilikuja kujulikana imeundwa na asidi amino 11 mwaka 1971 tu, Susan Leeman na mwenzake Michael Chang walipousoma mpangilio wake. Leeman alikuwa anatafuta homoni nyingine kabisa; kilichomshtua ni panya kutokwa na mate.

Mwaka 1981 watafiti Hylden na Wilcox waliidunga dutu P kwenye maji yanayouzunguka ugwe wa panya. Muda si muda panya wakaanza kujikuna na kujing'ata sehemu za nyuma, ilhali ngozini hakuna aliyewagusa. Nikisoma hayo huwa najikuna mwenyewe. Lakini swali linabaki: yule panya anaumwa au anawashwa? Kuna jaribio la mwaka 2008 ninalolipenda kwa wepesi wake. Ukimdunga panya shavuni kitu cha kuwasha, hujikuna kwa mguu wa nyuma. Ukimdunga kapsaisini, ule ukali wa pilipili, hujipangusa kwa mkono wa mbele. Aliyewahi kukata pilipili mbuzi kisha akajisahau akagusa jicho anaujua mkono huo.

Halafu kuna habari inayoninyima usingizi kidogo. Mwaka 1998 maabara kadhaa zilitoa matokeo ya panya waliozaliwa bila dutu P au bila kipokezi chake, NK1, yaani mlango wa seli unaoipokea. Wale wasio na dutu P waliyahisi maumivu madogo kama kawaida. Makali ndiyo yaliyopungua. Watu wakashangilia. Dawa za kuziba NK1 nazo zilikuwa zimeshatengenezwa na kujaribiwa kwa wagonjwa. Maumivu hayakuondoka. Mojawapo, aprepitanti, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003, lakini kwa kuzuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaotumia dawa kali. Yaani panya alijibu tulichomuuliza, na tulichomuuliza ni kuhusu ulimi na mguu wake. Kuumwa kwa mtu, kule kwa siku nenda siku rudi, hatukumuuliza.

Msimamizi wangu hapendi nikiandika "panya aliumwa". Hukata kwa kalamu, anaweka "panya alilamba". Zamani niliona ni ukorofi.

Jioni nilimpigia Bibi, Tanga, simu ya video. Mkanda wa jeshi ulimpata mwezi wa pili, vipele vikakauka, kila mtu akashukuru.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Wewe je, ubavu?"

"Sijambo kabisa, alhamdulillahi."

Kwetu mtu hukusalimu sijambo huku amelazwa. Lakini nilikuwa nimetoka kukodoa macho saa nne, macho hayakuzimika. Anazungumza bei ya nazi, huku vidole viwili vimeshika upindo wa kanga na kuuvuta mbali na ubavu wa kushoto. Anaachia, kanga inarudi, anavuta tena. Kanga! Ile nyepesi iliyofuliwa mpaka ikalainika kama hewa. Maabara tunao uzi mwembamba wa nailoni wa kumgusia panya unyayo, kumtafuta aliyefikia hali hiyo hasa, ya kuumizwa na mguso usioumiza. Mwenye neva nzima haushughulikii. Mwenye neva iliyoharibika anauvuta mguu.

Sikukusudia, lakini nilihesabu. Dakika sita, mara tisa.

Nilipokata simu nikampigia Mama Mdogo, nikamwomba kesho ampeleke hospitali, aseme wazi kwamba ni maumivu yaliyobaki baada ya mkanda wa jeshi, yana dawa zake, asipewe panadol akarudishwa.

"Mbona mwenyewe anasema hajambo?" akaniuliza.