Heroe kainamishwa shingo

Jamani leo mvua ya hapa Liverpool imenikimbiza nikajibanza maktaba kuu, wala sikuwa na mpango wa kusoma, nilitaka joto tu.

Ndani kuna kitabu kimefungiwa kwenye kabati la kioo, kikubwa kama meza, ndege wa Marekani waliochorwa na Audubon, mchoraji wa ndege wa zamani. Picha 435, zimetoka 1827 mpaka 1838. Mistari inachongwa kwenye bamba la shaba, inachapwa, halafu watu wanakaa na brashi na rangi za maji wanapaka moja moja kwa mkono. Kila nakala!!

Ukurasa uliofunguliwa leo: heroe.

Mwekundu haswa, sio pinki ya kupauka kama wale wetu wa Nakuru. Sasa huyu mzee Audubon alitaka kila ndege achorwe kwa saizi yake halisi, karatasi inakaribia mita nzima na bado heroe haenei, ikabidi amwinamishe shingo mpaka miguuni, utadhani anatafuta shilingi imemdondoka 😂

Nimecheka peke yangu, nikasogeza pua mpaka kioo kikaingia mvuke.

Ndo nikaona, pembeni ya bawa rangi imetoka nje ya mstari. Kidogo tu, kama unywele.

Sijui mpakaji alichoka, sijui aliitwa chai. Chini wameandika jina la Audubon na la Havell mwenye karakana ya uchapaji ya London, la aliyeshika brashi hamna.

Nyie mshawahi kukutana na kosa dogo la mtu wa zamani hivyo mkaganda? Hebu nipeni story